Kioo Juu ya Ufa

Siku ya nne baada ya ardhi kujinyoosha
tuligawana Mikindani kwa mitaa.
Tekla Nandonde alichukua kando ya soko,
Chipwaza wa Masasi zahanati na shule,
mimi nikaachiwa nyumba za mawe, zile kongwe,
za chokaa na matumbawe na boriti za mikoko,
na makopo matatu ya rangi.

Kijani: rudini ndani.
Njano: ingia, chukua godoro, toka.
Nyekundu sikuwa na maneno yake.
Nilipaka tu, nikageuka, nikajifanya nasoma kipimo.

Hatulipwi. Hili watu hawakuliamini.
Mwenye nyumba mmoja alinitilia noti mfukoni;
usiku alikuwa amekandika nyufa kwa saruji
na kupaka rangi juu, mbichi bado, ikaniganda kidoleni.
"Wahenga walisema tuzibe ufa," akaniambia.
Nikagonga kwa nyundo ndogo, saruji ikabanduka kama ukoko,
na nyuma yake mkono wangu ukazama hadi kiwiko.
Wahenga, mnisamehe:
ufa wa tetemeko hauzibwi kwanza.
Unaachwa wazi useme
ulikotoka, unakokwenda, na kama umemaliza.

Kwa Bi Somoe Mnyambe nilikaa sana.
Niliteremsha timazi kutoka dirisha la juu,
nikaweka gololi ya mjukuu wake sakafuni:
ikafikiri, ikabaki pale pale.
Niligonga kila boriti nikisikiliza
kama mtu anunuaye nazi.
Ufa mmoja tu, juu ya mlango wa uani,
mwembamba, unywele na nusu.
Nikapaka kijani.

"Fundi," aliita.
"Mhandisi, bibi."
"Fundi, wewe unalala wapi?"
Nikamwonyesha uwanja wa shule, turubai letu la bluu.
Akatazama turubai. Akatazama rangi.
"Nyote mnalala nje?"
"Sote."
"Na mimi umeniandikia niingie ndani."

Miaka minne ya chuo, na vitabu vya zege
vyenye unene wa tofali, havikunipa jibu.
Kweli, tangu usiku ule
sijapita chini ya kizingiti bila kuhesabu hatua.
Huo ndio ugonjwa wa kazi yetu:
ukitazama dari unaona uzito.

Nikaomba kipande cha kioo.
Akaleta kioo cha kujitazamia kilichovunjika siku ile ile,
tukachagua kigae chembamba kuliko vyote,
nikakibandika kwa jasi, kikakatiza ufa.
"Ukuta ukisogea hata kidogo, kitakatika.
Hiki hakijui kubembeleza mtu."
"Basi tutakilinda wote," akasema,
na akatandika jamvi ukumbini, la kwangu.

Tulikula ming'oko ya kuchemsha, kwa chumvi.
Mnamo saa nane ardhi ilijikuna.
Vikombe vikateta kabatini.
Nilikuwa nimeshasimama, viatu mkononi,
komeo nusu nimelivuta,
na kutoka chumbani sauti yake, wala haikupanda:
"Kisome kwanza, fundi."

Nikawasha tochi ya simu.
Ndani ya kigae palikuwa na jicho moja, kubwa, langu,
na hakuna mstari uliolipita.
Nikachukua penseli, nikaandika ukutani
tarehe, saa, na neno "kizima",
kwa mkono ambao ulikuwa bado haujapata habari.

Asubuhi mjukuu alisoma "kisima",
akauliza maji yako wapi.
Bi Somoe alikuwa anafagia vumbi la chokaa, hakumjibu.
Nami nikabeba makopo yangu.
Zilibaki nyumba kumi na moja katika mtaa ule,
na moja niliijua rangi yake tangu mbali.